Vyungu vya Twiga vya Mama

Kila wanapokata misonobari nyuma ya majengo yetu ya Hjulsta, huku kwa Waswidi, harufu ya utomvu hunipanda puani, nami namwona tena Birgitta akinisukumizia chungu usoni. "Nusa!" aliniamuru. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nikanusa. Kilinukia msitu na moshi.

Birgitta alikuwa na duka la mapambo mjini, naye alikuwa mmoja wa wale watu wanaosafiri sana bila kufika popote. Shanga hadi kiunoni, makubazi ya jangwani katikati ya theluji. Alikutana na mama kwenye karakana ya ufinyanzi kule Vällingby. Mama, mzaliwa wa Kivu, alifuata tanuri lao la umeme tu, apate kuchoma vyungu vyake vyekundu, vinene, vya kuchemshia maharage. Birgitta alivitazama kama mtu anayetazama soksi za mgeni.

Basi siku moja akaja kwetu na vyungu viwili kutoka Marekani, kwa wenyeji wa huko waitwao Wanavaho. Kile cha kahawia kilipakwa utomvu wa msonobari. Cha pili kilikuwa cheupe, chepesi, kimechorwa manyoya ya ndege na pembetatu za buluu. Akaeleza, nami nikamtafsiria mama. Zamani wanawake wa Kinavaho walifinyanga vile vya kahawia kwa kupikia na kwa ibada zao. Zikaja sufuria madukani, vyungu vikakosa kazi. Halafu wakaja watalii, na wachuuzi wakawaambia wale kina mama: pambeni, punguzeni ukubwa, chungu kiingie kwenye begi. Wengine wakaacha hata kufinyanga, wakawa wanamimina udongo wa maji kwenye kalibu na kupaka rangi. Birgitta alisimulia hayo kwa furaha, utadhani anatoa mapishi ya keki.

"Mwambie mama naye anaweza," akamalizia. "Achore twiga. Watu wanapenda twiga."

Mama akanigeukia. "Twiga? Mimi nilimwona wapi twiga?"

Kweli, alimwona mara ya kwanza kwenye televisheni, hapa hapa Hjulsta. Lakini wakati huo alikuwa na kibarua cha kusugua sakafu kule Flemingsberg na mgongo ulikuwa umemwishia. Akakubali, akaanza kufinyanga vyembamba vya kuchorwa. Twiga wake wa kwanza alifanana na mbuzi aliyenyongwa. Birgitta alitokwa na machozi, eti kwa uzuri.

Kabla ya Krismasi akatualika dukani, akamtambulisha mama kwa wateja kama "Mama Afrika." Mzee mmoja mwenye skafu ya hariri akainua chungu, akauliza mistari ile ya shingoni ina maana gani. Birgitta akawahi kujibu: mvua, uzazi, roho za mababu. Kisha akamtazama mama athibitishe.

Mama akatabasamu kwa upole kabisa. "Mwambie ni uma," akaniambia. "Ule wa plastiki wa ndugu yako. Nilikwaruza nao nikiangalia televisheni."

Nikatafsiri neno kwa neno, kwa Kiswidi changu safi cha darasani. Mzee akaweka mkono kifuani.

"Unyenyekevu ulioje!" akanong'ona, akachukua viwili.

Mama, bado akitabasamu kama mama wa bibi harusi, akaongeza: "Sema asante, mwanangu. Na umwambie asijaribu kupikia, vitapasuka kama kile kichwa chake."

Nilisema asante. Lile la kichwa nililimeza.

Kwa miaka mingi niliwadharau wote: Birgitta, mzee wa skafu, hata wale kina mama wa Kinavaho nisiowajua, niliodhani wamejiuza. Juzi nikamuuliza mama kama hakuona aibu. "Aibu ya nini?" akasema. "Kwani ni mimi niliyenunua?"

Dharau yangu kwa Birgitta na wenzake haijapungua hata chembe. Ila siku hizi namwona akilini mwanamke pembeni mwa barabara, kule jangwani kwao Wanavaho, amepanga vyungu vyake vilivyochorwa manyoya, na mtalii ameinama kwa heshima akiuliza maana yake. Anajibu kwa Kinavaho, sauti tamu, uso mtulivu. Binti yake anauma mdomo. Mtalii anaondoka amekikumbatia chungu kama mtoto mchanga, na nyuma yake wale wawili wanashikana mabega, hawana mbavu kwa kucheka.