Komisioneri Aliyepita Pembeni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Munira Ramazani anasimama kwenye uzio wa matete na hasogei. Kitu cha kwanza anachokiona si nyumba. Ni alama za ufagio uani. Mistari inatoka mlangoni ikiwa imenyooka, ikikaribia mpapai inapinda, inazunguka mahali padogo pasipo na kitu, kisha inaendelea.

Anavua ndara, anapita pembeni kabisa, kando ya uzio, mpaka mlangoni.

"Hodi, mama."

Mama Immaculée, muuza ndakala, dagaa wa ziwani, anamtazama kutoka kizingitini. Anauza nyumba hii ya mjini Baraka, mashariki mwa Kongo, ili ahamie Kazimia kwa binti yake, kwa sababu magoti yamekataa kubeba beseni la samaki. Lakini kwanza achague komisioneri, maana ndivyo huku wanavyomwita mtu wa kumtafutia mwenye nyumba mnunuzi.

Munira ni wa tatu kuja. Wa kwanza alipiga picha kwa simu akaenda zake. Wa pili, Norbert, kijana wa pikipiki na maneno mengi, alitaja bei kabla hajaingia ndani. Huyu wa tatu ana miaka ishirini na minne, aliacha shule darasa la nne, na ukimuuliza jambo hujibu akitazama vidole vya miguu yake.

Immaculée alimpa kazi papo hapo. Majirani walishangaa.

"Baliniambia, mama, utampa nyumba muntu asiyeongea, ataiuza na nini?" anakumbuka. "Nikabaambia, benye kuongea nilishabasikia."

Pale karibu na mpapai amelala mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku chache tu. Ulikuwa mwaka wa vita na njia ya makaburini haikupitika. Hawakuweka msalaba. Tangu hapo Immaculée anafagia kwa kuzunguka.

"Norbert nilimwonesha. Akasema, mama, panda mboga ya lengalenga juu, zikiota nani atajua? Kaburi inashusha bei. Simulaumu, ni kazi yake. Lakini huyu hakuna muntu alimwambia, na alizunguka."

Munira anaposikia hayo anacheka, mkono mdomoni.

"Mi sikujua kama kuko mutoto. Niliona haya kuharibu uwanja, mama alikuwa ametoka kufagia. Nilikuja kumwambia ukweli. Akasema haizuru, bengine hata haya habana."

Katika kila dola mia za nyumba iliyouzwa, Munira hupata tano. Kuna miezi inapita bila nyumba hata moja. Hapo yeye na mama yake, waliopanga chumba kimoja karibu na soko, huishi kwa mihogo ya kukaanga wanayouza barabarani.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kuionesha nyumba kwa mtu, anabeba bidoni, dumu la maji, anakwenda kwenye bomba la mtaa huo na kupanga foleni kama binti yeyote aliyetumwa maji.

"Bamama pale banasema yote. Kama parsele, kiwanja chenyewe, iko na ugomvi ya bandugu, utaisikia mbele ya bidoni kujaa."

Kwa Immaculée hakukuwa na ugomvi. Kulikuwa na sharti moja: mahali pale pasichimbwe. Wanunuzi wawili walilisikia wakaaga kwa adabu, hawakurudi. Binti wa Kazimia akawa anapiga simu kila juma. Immaculée akajibu kwamba magoti yangoje, hatamwacha mwanawe chini ya jembe la mtu.

Ndipo akaja papa Casimir, baba mmoja muuza vipuri vya injini za mitumbwi, na mkewe Fanny. Munira alikusudia kuwaambia tangu kwenye uzio, lakini Casimir alikuwa akiongea bila kupumua. Akafika kwenye mpapai na kamba yake ya kupimia.

"Huu muti tunakata. Choo tunaichimba hapa."

Immaculée alimtazama komisioneri wake. Munira akajibu akitazama vidole vya miguu yake.

"Papa, pale hapachimbwi."

"Juu ya nini hapachimbwi?"

"Kuko mutoto."

Casimir akakunja kamba polepole. "Kumbe uko na mudomo. Na umeifungua siku ya kunifukuza." Akashika njia ya uzioni.

Fanny hakumfuata. Aliketi kizingitini kama mtu aliyekwisha kuhamia.

"Casimir, choo iende nyuma ya jiko. Ama unataka kila usiku nikuamushe unisindikize, nikapite juu ya mutoto wa bantu?"

"Nyuma iko nafasi mudogo."

"Basi utajisaidia mudogo."

Immaculée ndiye aliyecheka wa kwanza. Bei ilishuka kidogo, Immaculée akakubali. Fanny aliuliza jambo moja tu: ufagio unaanzia upande gani.

Leo Jumamosi wamekusanyika uani kuandikiana mauzo, majirani wa mipakani wakiwa na soda mkononi kama mashahidi. Sharti limesomwa: mahali pale patabaki, na Immaculée ataingia siku yoyote atakayotoka Kazimia.

Munira amekaa nyuma ya wanawake. Kwa malipo ya nyumba hii anataka kuanzisha kibanda kwenye njia panda, chenye ubao wa jina lake, ili wenye nyumba wajue pa kumpata. Miaka mitatu ameifanya kazi hii bila kuitaja. Akiulizwa, husema anasaidia tu kuonesha njia, au anamsindikiza shangazi.

Shefu wa mtaa ananyanyua kalamu, anamnyooshea kidole.

"Na huyu binti ni nani hapa? Mutoto wa muuzaji?"

Wanawake wanageuka. Immaculée anafungua kinywa amjibie, lakini Munira amekwisha kusimama.

"Hapana, shefu. Mi ni komisioneri wake."