Herufi za Vitanzi

Nasema haya kwa aibu, na sina wa kumlaumu. Mwaka wa tisini na nane nilikuwa nimefika Guangzhou mara tatu tu, lakini pale kwenye maduka ya Sanyuanli nilijifanya mtaalamu wa mali ya Mjapani. Ujuzi wangu wote ulikuwa huu: maandishi ya Kichina yamebanana mistari, ila Mjapani ana pia herufi nyepesi zenye vitanzi, kama uzi ulioanguka sakafuni. Kusoma hata moja sikujua.

Mama Neema, mjane kutoka Moshi, aliniamini. Alikuja na kiinua mgongo cha marehemu mumewe, anunue redio za kufungulia duka. Nikachungulia katoni, nikaona vitanzi.

"Mjapani mwenyewe huyu, Mama Neema. Lipa tu."

Akalipia katoni zote.

Tukiwa tunafunga mzigo, katoni moja ikaonekana haina herufi hata moja. Nikafoka kama ofisa wa forodha. Nikaipiga kofi, nikamwambia mwenye duka kwa Kichina changu cha kuokoteza, "Hii siyo Japani!"

Mwenye duka wala hakubisha. Aliomba radhi, akavuta droo, akatoa roli la stika zenye vitanzi, akabandua moja na kuibandika. Ilikaa upande. Kisha akanikabidhi roli lenyewe, nibandike kama kuna nyingine iliyosahauliwa.

Mama Neema akaketi taratibu juu ya katoni zake.

"Kaka Joeli," akaniuliza, "kumbe Japani ni hapo kwenye droo?"