Jirani wa Dunia ya Tatu

Kosa langu lilianzia ubaoni. Nilikuwa nafundisha kidato cha nne namna nchi zinavyopangwa kwa maendeleo, mada iliyo kavu kama michembe, viazi vya kukaushwa, ya mwaka jana. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mimi huteremka kwenye Kiswahili kila nikiona macho ya wanafunzi yanalegea. Siku hiyo niliteremka mno, nikatua mtaani kwangu, Somanda.

Nilichora nyumba tano. Sikutaja jina la mtu, hilo naomba lieleweke. Nikasema, tuchukulie hizi ni nchi. Nyumba A ina geti, marumaru, maji ya bomba ndani na televisheni ukutani: Dunia ya Kwanza, kipato cha juu. Nyumba A ilikuwa yangu. Ya kupanga, lakini yangu. B, C na D zina bati na sakafu ya saruji, hao ni kipato cha kati. Nyumba E ina sakafu ya udongo, jiko la mafiga uani na mlango unaofungwa kwa kamba: Dunia ya Tatu, pembezoni kabisa.

Kwa haki nilieleza mengine pia. Nilisema hizo "dunia" mwanzoni hazikuwa habari za umaskini, zilihusu nani yuko upande wa nani baada ya vita kuu ya pili ya dunia, na wa tatu walikuwa wale waliokataa kuchagua upande. Nilisema wakopeshaji wakubwa hutazama pato la kila kichwa, na kwamba wengine wakaona pato halitoshi, wakaongeza miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi na miaka anayokaa shuleni. Kilibaki kipengele cha mwisho, ushiriki wa nchi katika mambo ya wenzake: nani anafanya biashara na nani, nani anapokea wakimbizi, nani anapeleka watu wake kusaidia kwa jirani. Kengele ikalia. Nikasema tutamalizia wiki ijayo, nikapangusa chaki mikononi na kujipongeza kimoyomoyo.

Kumbe binti wa Nyumba E alikuwa amekaa dawati la tatu.

Hata jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa unajua daraja lake. Kijana wa bodaboda alinipungia mkono, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Dunia ya Kwanza!" Mama wa Nyumba C alikuja getini kulalamika. Hakukasirika kwa kuwekwa kati, alikasirika kwa kuwekwa sawa na D.

Mwenye Nyumba E hakuja getini, aliacha tu kunisalimia. Mgeni hawezi kujua uzito wa adhabu hiyo. Kwa Wasukuma salamu si neno la kupita: utaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, wa kwenu mbali huko wameamkaje, mpaka uchelewe kazini. Sasa wengine nao walimwiga, na kila siku nikawa nafika shuleni mapema.

Ningelichukulia kama mzaha, kama si mama yangu. Tangu baba afariki alikuwa anaishi peke yake Korogwe, na presha yake. Mara mbili alianguka uani asijulikane mpaka jioni. Miaka miwili nilimbembeleza aje kuishi nami, naye akikataa. Mwishowe akakubali kuja kutazama.

"Siji kutazama marumaru," aliniambia kwenye simu. "Nakuja kutazama watu. Nikifia huko, nani atanizika?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemjibu, "Mama, mtaa mzima wananipenda." Zilibaki wiki mbili afike. Nilijua mama yangu: akikuta sina watu, atalala siku tatu kwa adabu, kisha atarudi kuanguka uani kwake.

Jumamosi nilijikokota hadi Nyumba E. Mwenyewe alikuwa anabangua karanga kwenye ungo.

"Karibu, mwalimu," alisema bila kuinua macho. "Kaa. Dunia ya Tatu ina vigoda."

"Mayu, nimekuja kuomba radhi," nikasema, kwa maana mama huku huitwa mayu, nami nilitaka kila msaada ambao lugha ingeweza kunipa. "Ulikuwa mfano tu. Sikukusudia kukuita maskini."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Maskini? Mwalimu, hiyo tailizi yako inakamuliwa?" Akanieleza kuwa ng'ombe wake wako Lalago, kwa mwanawe mkubwa. Nikauliza ni wangapi. Akanitazama kama nimemuuliza habari za nguo yake ya ndani. "Hao hatuhesabu mbele ya mgeni. Wewe jua tu kwamba wakienda kunywa maji, wa mbele wanarudi, wa nyuma hawajatoka."

Katika nyumba tano, nilikuwa nimempeleka pembezoni tajiri pekee wa mtaa.

"Lakini udongo haujaniuma," akaendelea. "Kimeniuma kitu kingine. Umejiweka juu. Tangu umekuja tumezika watu wanne hapa. Wewe unatuma rambirambi kwa simu. Simu inabeba maji? Simu inachambua maharage? Binti anasema kuna kipengele kengele ilikikata. Basi sisi tumekusahihishia. Umepata sifuri."

Miaka kumi na moja nimesahihisha mitihani ya watu, na sijawahi kuona alama iliyotolewa kwa haki kuliko ile. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia.

"Sasa nifanyeje, mayu?"

"Subiri," alisema. "Watu hawaachi kufa."

Nikasubiri. Nasema ukweli ingawa ni aibu: siku zile nilikuwa nawaangalia wazee wa mtaa kwa makini kupita kiasi. Akikohoa mmoja, nashtuka. Akipona, najikuta nimepiga hesabu ya siku zilizobaki. Kisha natubu, halafu naanza tena.

Aliyetangulia ni babu wa Nyumba B, mtu wa umri mkubwa aliyeugua muda mrefu. Alifariki alfajiri ya siku ileile ambayo basi la mama lilikuwa linaingia. Nilisimama katikati ya chumba, kanga mkononi, sijui niende stendi au msibani. Nikampigia.

"Mama, jirani amefiwa. Nikuagizie bajaji ikupokee?"

"Upo hapo msibani?" akauliza.

"Naenda sasa hivi."

"Nenda."

Nikawekwa kwenye ugali. Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu karibu kunishinda kimo, sufuria ya kulisha kata nzima, na moshi ulinifuata kila nilikohamia. Machozi yalinitiririka. Mama wa Nyumba C akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, Dunia ya Kwanza inalia, na maiti bado haijafika kutoka hospitali." Wanawake wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka. Mwenye Nyumba E alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akatazama ndani ya sufuria, akasema, "Una madonge. Songa kwa mabega."

Bajaji ilifika saa nne. Mama alishuka na vumbi la siku mbili za safari, akaacha dereva ashushe mizigo, akajifunga kanga. Hakuniuliza nyumba iko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mikeka, akakaa kati ya wanawake asiowajua na kumlilia mzee ambaye hajawahi kumwona. Alipomaliza akaomba maharage ya kuchambua. Adhuhuri nikamkuta bega kwa bega na mwenye Nyumba E, mmoja na Kiswahili chake kirefu cha Tanga, mwingine na maneno matatu matatu, wanasimuliana habari za presha.

Mzee alizikwa nyuma ya nyumba yake. Wanaume wa mtaa walichimba kwa zamu tangu asubuhi. Watu walipoanza kutawanyika, mama alibaki pale, anatazama kaburi, anatazama watu, kama mtu anayekagua kitenge dukani kabla hajakisifia. Sikuthubutu kumsogelea.

Nyumbani alipita juu ya marumaru bila kuyatazama, akakaa kitandani, akavua viatu. Niliingiza begi lake la kwanza, kisha la pili.

"Wamechimba kina kizuri," alisema hatimaye. "Na udongo wameushindilia."

"Ndiyo, mama."

Akajilaza, akavuta shuka mpaka kifuani.

"Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie wale kuku wangu wa Korogwe awagawe."