Sikio la Kiema

Kyumbi nzima ilijua kwamba ukitaka jiwe likatwe bila ufa, umtafute Kiema. Si kwamba alikuwa na mashine ya maana. Mashine ilikuwa ya Bartholomew, mwenye yadi ya mawe ya makaburi iliyo kando ya barabara kuu, na ilikuwa kuukuu, imefungwa nyaya kila mahali. Alichokuwa nacho Kiema ni sikio. Mafundi wengine wakifunga diski ya almasi walitazama puli ya mota, lile gurudumu linalovuta mkanda, wakahesabu, wakakuna vichwa. Kiema aliiacha diski iguse jiwe kidogo tu, akainama akasikiliza. Ikilia kwa sauti nyembamba, inakwenda mbio mno. Jiwe gumu linataka diski iende pole, la sivyo inashika moto na meno yake yanaachia. Ikikwaruza kwa sauti nzito, imezidi upole, italiwa na jiwe kabla ya jioni. Ikiwa katikati, Kiema aliitikia kwa kichwa, na kazi ikaanza. Kichwa kile kikishainama, hakuna aliyeuliza tena.

Sasa niambie, mtu asikilize diski miaka ishirini na sita, na masikioni hana kitu ila pamba aliyochomoa kwenye godoro, atabaki na nini? Walianza kupotea ndege. Ikafuata simu, halafu mahubiri ya padri, halafu sauti ya mkewe akiwa jikoni. Kiema hakumwambia mtu. Fundi asiyesikia, pale yadini, ni mzee wa kufagia vumbi, na vumbi lenyewe lina wafagiaji wengi wanaosubiri. Akajifunza kusoma midomo ya watu. Pale midomo ilipomshinda, aliitikia kwa kichwa. Ukiitikia kwa kichwa, mara nyingi umejibu sawa, na watu husema una hekima.

Aliyeng'amua alikuwa mmoja tu: Abdishakur, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, Msomali aliyezaliwa Machakos mjini na anayekijua Kikamba kuliko vijana wengi wa Kikamba. Hakusema lolote. Ila kuanzia siku moja, miaka mitatu iliyopita, kila akitaka kuzungumza na Kiema aliutoa mswaki wake wa mti mdomoni, akasimama mbele yake uso kwa uso, akasema polepole. Na kila boksi la diski alilomuuzia aliliandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: diski ya inchi ngapi, ya jiwe gani, izunguke mara ngapi kwa dakika, mkanda ukae puli ipi. Kiema aliyachukia maandishi yale. Aliyasoma yote, akijificha.

Mwezi wa nane Kiema alikwenda Ekalakala kumzika mjomba wake, akakaa siku mbili. Huku nyuma, Onesmus, aliyekuwa akishika mashine ile kwa zamu na Kiema, alikuwa na mawe laini ya ujenzi ya kukata. Jiwe laini linataka mbio. Akauhamisha mkanda kutoka puli ndogo ya mota kwenda puli kubwa, jambo la kawaida kabisa, akamaliza kazi yake vizuri, mkanda akauacha palepale.

Kiema alirudi Alhamisi. Asubuhi hiyo kulikuwa na bamba la granaiti nyeusi, la kaburi la mtu wa Ndithini, na wenyewe walilitaka kabla ya Jumamosi. Diski ya zamani ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Onesmus alivuka barabara akaleta mpya. Boksi lilikuwa na maandishi mekundu kama kawaida. Kiema aliona Onesmus anaelekea kuyasoma, akaona haya, akalinyakua boksi na kulisukuma chini ya benchi. Haya tu, hakuna kingine. Aliogopa Onesmus atauliza kwa nini Msomali anamwandikia fundi mkubwa kama mtoto wa nasari.

Onesmus akawasha. Maji ya kupoza diski yalikuwa yakidondoka, hayakuwa yakimwagika, kama siku zote pale kwa Bartholomew. Diski ikagusa jiwe.

"Mzee, hii si inalia sana?" Onesmus aliuliza akiwa ameinama. Kisha akainua uso. "Iko sawa?"

Kiema aliona yale maneno mawili ya mwisho. Akaweka kiganja juu ya meza ya mashine, kwa maana kiganja ndicho kilichokuwa sikio lake siku hizi, na meza ilitetemeka kama inavyotetemeka siku zote. Angegeuza shingo kidogo angeuona mkanda uko kwenye puli kubwa. Lakini mtu aliyeishi kwa sikio miaka yote hiyo hajui kutazama puli. Akaitikia kwa kichwa.

Onesmus alikuwa na masikio mazima. Aliisikia diski ikilia, na iliniuma moyo niliposikia habari hii, kwa sababu aliisikia vizuri kabisa. Lakini nani angebishana na sikio la Kiema?

Haikupita nusu saa meno yakaachia. Mawili yaligonga mabati. La tatu lilimpata Onesmus chini ya taya, akafa kabla gari halijafika Machakos. Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, Kiema alirudi chini ya benchi, akalitoa lile boksi, akalikunja chini ya koti, akaenda nalo nyumbani. Lilisema: INCHI 14. GRANAITI. 1,800. PULI NDOGO.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema ni kifo cha nani.

Siku nne baada ya mazishi walikutana yadini. Bartholomew ndiye aliyeita kikao, na alikuja na neno lake tayari.

"Diski ilikuwa feki," alisema. "Hawa watu huleta mizigo hatujui imetoka wapi. Yadi yangu haina makosa."

Watu wa soko waliguna kukubali. Abdishakur alisimama, akautoa mswaki mdomoni.

"Diski yangu ni nzuri," alisema. "Spidi niliandika kwa boksi. Mutafute boksi."

Walitafuta kila mahali. Lilikuwa nyumbani kwa Kiema, chini ya gunia la mahindi.

"Basi muulizeni Mzee Kiema," Abdishakur alisema. "Yeye anajua." Akamtazama Kiema, akangoja. Angeweza kusema kwa sentensi moja kwamba mzee huyu hasikii, na kesi ingeishia hapo. Hakuisema. Alikuwa amemwachia mwenyewe aiseme.

Mjane wa Onesmus, Mbinya, aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki. Alimwendea Kiema mpaka akasimama hatua moja mbele yake, macho yamevimba, mwanga wote uko usoni pake.

"Baba," alisema polepole, kama watu wanavyosema wakiwa wamechoka kulia. "Mimi nataka kujua tu. Ni diski ilikuwa mbaya?"

Katika maneno yote ya siku ile, mengi yalimpita Kiema kama upepo. Haya aliyapata yote, moja baada ya jingine. Asije mtu akamtetea kwamba hakusikia. Alimfikiria Bartholomew, akaufikiria ufagio, akamfikiria Mbinya akijua.

Akaitikia kwa kichwa.

Wiki hiyohiyo watu waliacha kununua kwa Abdishakur, na kijana mmoja wa ukoo wa Onesmus akavunja kioo cha mbele. Mwisho wa mwezi lori lilikuja kuchukua mali yake. Kiema alikuwa langoni mwa yadi alipomwona akivuka barabara kumjia, kanzu imejaa vumbi, mswaki mdomoni. Akajiweka tayari, akaitazama midomo ile aliyoizoea kuliko midomo ya wanawe.

Abdishakur alifika karibu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akamgeuzia mgongo ndipo akasema.

Kiema aliona mabega yakiinuka na kushuka. Yalikuwa maneno mengi, na hakulipata hata moja. Yalipokwisha, akaitikia kwa kichwa.