Sifuri Kabla ya Kila Lori

Sifa njema zote ni za Allah, aliyeumba pumzi na hewa ya kuivuta, akanifikisha kustaafu nikiwa na macho yanayoona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Vijana wa ukaguzi wa magari mmeniomba nieleze tulivyokuwa tukipima moshi wa malori makuukuu ya dizeli. Nitaeleza, na kosa langu nitalieleza pia.

Siku yangu ya kwanza kazini, Lindi mjini, sikupewa mashine. Mkaguzi Mkuu alinipa kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye ufito, akaniagiza nikiweke mbele ya bomba la moshi wakati dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho. Kitambaa kikiwa cheusi, ujue lori halichomi mafuta yake sawasawa: ama nozeli zinazonyunyiza dizeli zimechakaa, ama chujio la hewa limeziba, ama pampu inamwaga mafuta kupita kiasi. Niliporudi nyumbani jioni, mke wangu aliniuliza kama nimeajiriwa kuchoma mkaa.

Baadaye nilihamishiwa Kilwa, na huko ndiko tulikoletewa kipima moshi. Kina taa upande mmoja na jicho upande wa pili. Moshi ukipita katikati, jicho linasoma kiasi cha mwanga kilichozuiwa. Injini lazima ipate moto kwanza, maana ikiwa baridi hutoa moshi hata kama ni nzima. Kisha dereva anakanyaga mafuta mara kadhaa, nasi tunachukua wastani. Mkuu wa Kituo, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa na sharti moja: kabla ya kila lori, mashine ionyeshwe hewa safi mpaka isome sifuri.

"Mizani isiyoanzia sifuri," alituambia, "ni shahidi wa uongo, na aliyeishika ni mwenzake."

Miaka ikapita, nikajiona mjuzi. Sifuri nikawa naitafuta mara moja tu asubuhi, kisha napima malori mfululizo ili foleni iishe.

Siku moja tulikuwa Somanga, kando ya barabara kuu. Malori ya mwanzo yalibeba chumvi, na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi lake. Mawili yaliyofuata, moja la Kiswere na moja la Mtama, niliyaandikia kuwa yameshindwa. Kisha akaja Mfaume, dereva aliyemiliki lori lake mwenyewe, kuukuu kuliko barua yangu ya ajira. Lilikuwa limeshindwa mara mbili kabla. Kwa utaratibu wetu, likishindwa mara ya tatu linang'olewa namba na kutolewa barabarani. Watoto wake walikula kwa lori lile.

"Shikamoo, Mzee Moshi," alisema. Ndivyo madereva walivyoniita.

"Marahaba."

"Leo lori langu limefunga. Hutasikia hata harufu ya kitu mdomoni."

Nikalipima, likashindwa. "Basi limekula mchana," nikamwambia. Hakucheka. Akanieleza kuwa ameweka nozeli mpya na pampu ameipeleka kwa fundi, akaniomba nirudie. Nikamjibu kuwa mashine haina ndugu wala adui. Nikang'oa namba.

Adhuhuri ilipoingia nikaenda kutawadha. Nilipovua miwani nioshe uso, niliona vioo vyake vimefunga utando mweupe. Nikagusa kwa kidole, nikaonja: chumvi. Maji yalikuwa bado yakinichuruzika mikononi nilipolikumbuka jicho la mashine. Nilisali, lakini Mola ndiye ajuaye nilisali vipi. Kisha nikarudi mbio, nikaionyesha mashine hewa tupu ya Somanga. Ilisoma moshi.

Nilimkuta Mfaume kwa muuza chai, ameketi na mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye alikuwa amekwisha kuligongagonga lori lote. Nikasema, "Mfaume, usiuze. Kosa ni langu."

Mnunuzi akanung'unika kwamba wakaguzi hatujui tunachotaka. Nikafuta jicho, nikatafuta sifuri, tukaipasha injini moto, nikapima upya. Lori likapita, tena kwa nafasi kubwa. Nikakalia tairi.

"Nilikwambia limefunga, mzee," Mfaume alisema taratibu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe duniani na akhera. Ila namba utazifunga mwenyewe."

Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikazifunga.

Kumwendea Mkuu wa Kituo kulinitia hofu zaidi, kwani nilijua naweza kupoteza kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yale mawili mengine?" Kesho yake akanipa gari la ofisi. Kiswere lori lilipita, na mwenyewe alinifungia samaki wa kukaanga. Mtama, mashine ikiwa safi kabisa, lori lilishindwa tena. Mama mwenye lori akaniuliza, "Baba, umetoka Kilwa yote hiyo kuja kunishinda mara ya pili?" Tukacheka wote, nikamwonyesha chujio lililoziba.

Niliporudi, Mkuu wa Kituo aliniandikia onyo, akanibakiza kazini. "Mungu amekusitiri," alisema, "kwa kukuonyesha mapema."

Leo nimestaafu. Tumefundishwa kuwa dhambi kati yako na Mola wako milango yake ya toba i wazi, ila haki ya mja humngoja mja mwenyewe asamehe. Kwa hiyo lori la Mfaume likipita kwetu na kupiga honi, kwanza natazama bomba lake, maana mazoea hayastaafu. Halafu nashusha pumzi, nasema alhamdulillah. Lile deni halinisubiri mbele ya safari.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Allah akusafishie kioo kabla hujampima mwenzako, na ukikosea akupe siku ya kumfikia kabla hajauza. Amin.