Kadi Yenye Ukingo wa Kijivu

Mtaani kwetu Ichinomiya, hapa Japani, wananiita Bwana Takataka, na sijali. Mtu akitoa chupa siku ya kukusanya taka za karatasi, namrudishia mfuko wake mlangoni, awe jaji au muuza samaki. Kazi hii ya kujitolea nimeifanya miaka tisa tangu nistaafu, na kwa miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu ambaye hajawahi kunipa sababu ya kugomba. Naye ni Bibi Tsuyako, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Magazeti aliyafunga kwa kamba ya karatasi, pembe juu ya pembe. Pakiti za maziwa aliziosha, akazikata, akazianika. Ndiyo maana inaniuma kwamba kati ya watu wote wa mtaa huu, yeye ndiye aliyenisikiliza.

Si mzaliwa wa hapa. Alitoka Kagoshima, kusini kabisa, mwaka wa hamsini na nane akiwa na miaka kumi na mitano, akapakiwa kwenye treni na wenzake waliomaliza shule wiki ileile, kuja kusokota sufu kiwandani. Bwenini walilala wasichana wanane chumba kimoja. Godoro lake lilipakana na la Hatsue, msichana wa Akita, kaskazini kabisa, na miezi ya mwanzo lafudhi zao ziliwashinda kabisa. "Yeye akiomba chumvi mimi nampa maji," aliniambia siku moja huku akicheka. "Tukabaki kuonyeshana vidole kama mabubu." Kisha Tsuyako akaugua kifua. Msichana mgonjwa alirudishwa kwao, na kwao kulikuwa na wadogo watano waliokula kwa mshahara wake. Wiki tatu Hatsue alifanya zamu mbili, yake na ya mwenzake, mpaka msimamizi akaacha kuuliza.

Mwaka wa sitini na tatu Hatsue aliitwa nyumbani kuolewa na mkulima wa mpunga. Tsuyako alimsindikiza stesheni, na hawakuonana tena. Mwanzoni ulikuwa umbali, halafu wakwe, halafu watoto. Simu zilipoingia majumbani walikuwa wameshazoea kadi. Kila tarehe mosi Januari posta ilileta kadi moja kutoka Akita, na nyingine ya Tsuyako ikafika kule asubuhi hiyohiyo. Hazikuwa na picha, ni mistari minne mitano ya mkono. Wale sita wengine wa chumba kile walipungua mmoja baada ya mwingine, na kila mara alijua kwa njia moja tu: mwaka fulani kadi haikuja. Mwishowe alibaki Hatsue peke yake. Watoto Bibi Tsuyako hakujaliwa, na mumewe, Bwana Kurebayashi, alitangulia mbele ya haki miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Kadi ile ya Akita ndiyo iliyokuwa imebaki.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Novemba hiyo nilihutubia mkutano wa mtaa. Desemba hunitia wazimu. Watu wanapelekeana zawadi za kufunga mwaka, sabuni ndani ya sanduku, sanduku ndani ya karatasi, juu yake karatasi nyingine ya heshima, na vyote vimo ndani ya mfuko wa plastiki. Nikayasema hayo. Kisha nikamwaga mezani gunia la kadi za mwaka mpya nilizookota kwenye taka za mtaa wetu wenyewe.

"Mnawaandikia watu msiokumbuka hata sura zao," nikasema. "Mwaka mzima hamsalimiani, siku moja mnarushiana karatasi. Acheni."

"Nawe si uliniletea mwaka jana?" mke wa mwenye duka la mchele akadakia nyuma. "Tena ya sungura kavaa kanzu."

Watu wakacheka, wakala keki, wakaenda zao. Hakuna aliyeacha. Kesho yake asubuhi Bibi Tsuyako akabisha kwangu, ana bahasha mkononi.

"Bwana Mukai, nimefikiri usiku. Umesema kweli."

Kwetu mtu haachi tu. Ukiacha kimya, umemtukana mwenzako. Ni lazima umwandikie kadi ya kuaga, umwambie kwamba kuanzia mwakani hutaleta salamu tena, uzee umekushinda, akuwie radhi. Yaani kuacha karatasi kunataka karatasi. Bibi alikuwa amelifikiria hilo pia. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi kumi na mbili zilizobaki kwenye msiba wa mumewe. Nyumba yenye msiba hutuma kadi kabla ya Desemba kuwaomba watu wasiiletee salamu za furaha, na hizo zake zilikuwa zile za kununua tayari: ukingo wa kijivu, ua la yungiyungi, na mstari mmoja wa chapa usemao kwamba tumo katika matanga, kwa hiyo tusisalimiane mwaka huu. Jina la marehemu halimo.

"Nina watu kumi na mmoja tu siku hizi," akasema. "Ninunue mpya na hizi zipo? Si ndiyo utupaji wenyewe unaoukataza?"

Nilimsifu. Nakumbuka nilimsifu sana. Nikamletea na rula yangu ili aukate ule mstari wa chapa kwa wino, ukae vizuri.

Kumi aliwaandikia kuaga. Ya kumi na moja aliiandika mwisho, polepole, kwa herufi ndogo zinazotetemeka, akanisomea. "Wengine nimewaaga. Wewe siwezi. Tuendelee hivihivi mpaka mmoja wetu ashindwe kushika kalamu." Ilikuwa ya Hatsue.

Haikupita wiki, akaja binamu yake kutoka Nagoya, mavazi meusi juu mpaka chini, ubani mkononi, kilio tayari kooni. Akamkuta Bibi Tsuyako juu ya kigoda barazani, anatundika figili zikauke.

"Mbona uko juu ya kigoda?" binamu akauliza.

"Ulitaka niwe wapi?"

"Kwenye jeneza. Umeniletea kadi ya matanga, na mumeo tulishamzika. Nani mwingine alibaki humo ndani?"

"Umeisoma kadi yenyewe?"

"Nani anasoma kadi ya matanga? Unaona ukingo, unatafuta nguo nyeusi."

Tukacheka mpaka figili zikaanguka. Lakini binamu alipoondoka, Bibi alikaa kwenye meza yake fupi yenye joto, mikono ndani ya blanketi, kicheko kimemtoka. "Hatsue naye je?" akaniuliza. "Nimtumie nyingine, nimweleze?"

Hapa ningeweza kunyamaza. Nina mdomo ambao marehemu mke wangu aliulalamikia miaka thelathini. "Bibi," nikamwambia, "huyo anaujua mwandiko wako kuliko wa wanawe. Atasoma. Kadi ya pili ya kueleza kadi ya kwanza ni takataka juu ya takataka."

Akaweka kalamu chini.

Tarehe mosi Januari alikaa barazani tangu saa moja asubuhi, amevaa koti, mlango wazi, theluji inapeperuka ndani. Mtu wa posta alipita saa nne. Akamwinamia, akamtakia heri, akapita. Nilikuwa nimemletea supu ya mwaka mpya kwenye bakuli, nikasimama nalo mkononi.

"Hatsue ameondoka," akasema.

"Labda imechelewa. Posta ya siku hizi."

"Miaka sitini haijachelewa."

Nilimwambia labda ni ule ukingo, aandike aulize. Alinitazama kwa upole, kama vile mimi ndiye niliyefiwa. "Angekuwa hai angeusoma mwandiko wangu. Nimwandikie nani? Wanawe? Niwaulize siku za mwaka mpya kama mama yao kafa, wajibu wakilia?" Jioni akawasha ubani wa Hatsue mbele ya picha ya mumewe. Kuanzia hapo alikula nusu ya alichokuwa akila, na alikuwa akila kidogo tayari. Mifuko yake ya taka ikawa myepesi. Mimi huishika yote, najua.

Tarehe ishirini na mbili alikuja kwangu akikimbia juu ya theluji kwa ndara za ndani. Alikuwa ameshika barua. Juu ya bahasha imeandikwa: Kwa familia ya marehemu Tsuyako Kurebayashi.

Ilitoka kwa Norihisa, mtoto mkubwa wa Hatsue. Aliomba radhi kwa kuchelewa, hakutaka kuleta rambirambi kabla sherehe hazijaisha. Macho ya mama yake yamefifia, ameandika, na tangu vuli akili inakwenda na kurudi. Kadi ilipofika aliipapasa, akaisogeza puani, akauona ukingo tu. Akauliza ni nani aliyekufa. Norihisa akaona mstari wa chapa. Mkato wa wino juu yake aliudhani pambo, na herufi ndogo za chini akazichukulia kuwa maneno ya kawaida ya heshima. Kadi ya msiba wa Bwana Kurebayashi walishaipata zamani. Basi akamwambia mama yake kuwa ni Tsuyako. Mama alilia siku nne. Sasa kadi imewekwa kwenye madhabahu ya nyumbani, na kila asubuhi anamwekea Tsuyako kikombe cha wali. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu.

Bibi Tsuyako alicheka machozi yakimtiririka. "Yu hai," akasema. "Mpumbavu yule yu hai, na ananilisha wali." Akanisukumia simu, nikambonyezea namba mimi, nikafungua spika ili asikie vizuri. Aliyepokea hakuwa Norihisa.

"Nani?" Sauti ya kikongwe, lafudhi nzito ya kaskazini.

"Hatsue. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, Tsuyako. Wa Kagoshima."

"Tsuyako amefariki."

"Sijafa, mwenzangu. Ni ile kadi tu, nilitumia kadi za..."

"Kadi ninayo hapa. Polisi walikuja mpaka ukumbi wa kijiji wakatufundisha. Anayepiga simu akasema ni mimi, si yeye, anataka pesa za wazee. Kama unataka pesa, sema unataka pesa."

"Hatsue, sikiliza. Nilipougua kifua ulinifanyia zamu mbili. Wiki tatu. Nani mwingine anajua hilo?"

"Kijiji kizima kinajua. Namsimulia kila anayekuja kumfukizia ubani." Sauti ikakatika, ikarudi chini zaidi. "Tafuta mtu mwingine wa kumchezea. Yule alichoka tangu utotoni. Mwache apumzike."

Akakata.

Usidhani tuliishia hapo. Jioni Norihisa alipiga mwenyewe, akasikia habari yote, akaomba radhi mpaka nikaona haya. Kesho yake alimkalisha mama yake, akamweleza, akamsomea zile herufi ndogo neno kwa neno. Mama akaamini. Alifurahi chakula kizima cha mchana. Alasiri akaenda kwenye madhabahu, akaipapasa kadi, akaanza kulia upya kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Norihisa akaificha kadi, mama akapekua nyumba nzima, akaangusha kabati, ikabidi airudishe. Wakajaribu simu mara ya pili, Norihisa akiwa pembeni. Hatsue alitetemeka siku mbili, akisema sauti ya maiti inamwomba pesa.

Mara ya tatu Norihisa alipiga bila mama yake kujua. "Mama akimwekea marehemu wake wali asubuhi, anatulia," akasema. "Anaongea naye, anamsimulia habari za shamba. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo mama ni mama. Naomba radhi sana, Bibi. Pengine tusimsumbue tena." Nimeokota mamia ya kadi za kuaga kwenye mifuko ya watu, najua zinavyosema. Hii nayo ilikuwa kadi ya kuaga.

Bibi Tsuyako akajibu kwa heshima zote, akamtakia afya njema, akaweka simu chini.

Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Niligonga meza. Nikasema huu ni upuuzi, mtu hazikwi akiwa hai, mwezi wa nne theluji ikiyeyuka tutapanda treni, nitalipa mimi, nitambeba mgongoni ikibidi, tutafika Akita tusimame mlangoni pale mpaka Hatsue amtazame.

"Amtazame nani?" akaniuliza.

"Wewe."

"Bwana Mukai, aliniona mara ya mwisho nina miaka ishirini. Sura hii hajapata kuiona. Sauti hii ameisikia, ameikataa." Alikuwa akiupapasa ukingo wa bahasha kwa kidole gumba, taratibu. "Alichokuwa anakijua kwangu ni mwandiko tu. Na mwandiko wangu ndio uliokwenda kumwambia nimekufa."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa pa kuanzia, kwa sababu yeye hakuwa amenilaumu hata mara moja. Nikakusanya vikombe vya chai, nikaenda kuviosha.