Maziwa ya Atelier

Mimi nilifika darasa ya tatu tu, kisha baba akanitoa kwa masomo nichunge mbuzi zake, donc hapa musitafute grammaire. Naandika juu dada yangu mudogo aliniomba. Aliniambia: "Yaya, kaka yangu, mambo ya bwana yangu, batu ba kanisa banaielezaka vile banataka. Wewe uandike vile ilikuwa."

Bon. Nilitumika myaka mingi kwa atelier moja, karakana ya mbao, hapa Butembo. Mbao zilikuwa zinatoka upande wa Beni, zingine Kasugho. Ile ya Kasugho ilikuwa na shida ya kukauka: unatengeneza mulango, muzuri kabisa, mvua inanyesha, mulango inapinda na mwenye nyumba anakuja kukutukana mbele ya batoto bako. Lakini tuache ile.

Patron wetu alikuwa muzee wa kanisa, Protestant wa kweli. Ndani ya atelier yake neno "pombe" lilikatazwa, hata kwa kuchekesha. Mwenye kulisema alirudishwa nyumbani ile siku. Lakini asubuhi alitupatia maziwa, juu ya vumbi ya mbao. Banasema maziwa inasafisha kifua. Yangu haikusafika, ningali nakohoa, mais tulikunywa.

Batu bakapata ujanja. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, bakaiita maziwa. Kanyanga, ile kali inayochoma koo, bakaiita maziwa ya unga. Patron anapita, anasikia: "Jana nilikunywa maziwa mpaka nikasahau njia ya kwetu." Anafurahi, anaendelea.

Sasa bwana ya dada yangu, semeki yangu, njo alikuwa anakata kwa masini kubwa. Ubao akiisha kuukata, haukuhitaji kuupima tena. Zamani hakukunywaka. Alianza wakati patron alikuwa anamutuma Beni kuchagua mbao. Ile barabara sitaieleza, anayeijua anaijua. Siku moja kamyo, lori iliyokuwa mbele yao, iliunguzwa na wenye bunduki, pamoja na batu ndani yake. Semeki alirudi, akakaa kwa kitanda na viatu, dada akamuvua kama mutoto. Kisha pale, kila safari alikunywa kwanza kidogo ya kumupa roho. Kisha safari zikakatika, kidogo ikabaki.

Batu banafikiri mulevi ni ule anayelala kwa mufereji. Huyu hakulala mahali. Alifika kazini mbele ya bote, patron akasema tumufuate mufano. Alitafuna tangawizi kutwa nzima. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka kalamu ya kutia alama ilikuwa inacheza juu ya ubao. Akienda inje kidogo, anarudi mikono imetulia. Tena mbao zikaanza kuenda upande. Mimi niliona mbao kwanza, kisha nikamuona yeye.

Capita, musimamizi wetu, naye aliona. Akaenda kwa patron. Lakini aliogopa lile neno, akasema sawa vile tulizoea: "Patron, ule wa masini, maziwa inamuzidi nguvu."

Patron akahurumia. "Maskini, vumbi yote ni yake. Mumuongezee."

Kweli, bakamuongezea. Semeki akapata bidoni nzima ya maziwa, akamuuzia mama wa chai ngambo ya barabara, na feza yake akainywea kanyanga. Batu bakacheka mpaka bakakaa chini ndani ya takataka ya mbao. "Patron anatuwekea bar," mumoja akasema. Capita hakucheka. Akanifuata kwa meza yangu.

"Muzee, ni semeki yako. Uende uiseme vizuri."

Nikaenda. Nikasema: "Patron, si maziwa ya ngombe. Ni pombe. Usimufukuze. Umutoe tu kwa masini, umupe vernis ya kupaka ao ufagio, mpaka mwili ipone."

Patron akaangalia mulango kama kuna mutu anasikiliza. "Neno lile hapa hapana."

"Ulikatae, mais masini inazunguka."

"Na viti vya kanisa? Nani atavikata?"

Tulikuwa tunatengeneza viti virefu vya kanisa yao mupya, na kweli hakuna mwingine aliyekata vile. "Tutamuombea," akasema, na mimi akanirudisha nyumbani, juu nilisema pombe.

Bakamuombea. Sizarau maombi, mimi pia naomba. Lakini bazee balimuwekea mikono pale pale karibu na masini, macho yamefungwa, na pumzi yake ikibaingia kwa pua. Hakuna aliyefungua macho. Bakasema amina, patron mwenyewe akawasha moteur ya masini.

Ile wiki sauti ya masini ikabadilika. Mwenye kutumika na mbao anaijua ile sauti, haiko sauti ya ubao. Kidole gumba cha semeki kilienda, na viwili vingine, mukono wa kuume.

Kwa hopitali infirmière mumoja, muuguzi kijana sana, akamuuliza: "Papa, unakunywaka pombe gani, na tangu lini?" Aliuliza vile banaulizaka mutu anatoka kijiji gani. Semeki akamujibu yote, kuanzia ile kamyo. Dada alikuwa inje kwa mulango, analia. Kumbe ilikuwa ya kuulizwa tu.

Mukono ulipopona, tulienda naye kwa patron kuomba kazi yoyote na malipo kidogo ya vidole. Patron akasimama mbele ya bafanyakazi bote. "Mulevi nitamulipa vidole alivyojikatia na pombe yake? Pombe njo ilimukata, si mimi." Pombe, pombe, alilisema mpaka nikachoka kuhesabu, na hakuna aliyemurudisha nyumbani. Kisha kanisa ikamutia inje ya meza ya Bwana. Siku ya kufungua jengo bakamuweka nyuma kabisa. Alikaa juu ya kiti alichokata.

Sasa semeki iko Beni. Mama mumoja Mukatoliki, yeye anatengeneza vitanda na masanduku ya kuzikia batu, alimupokea. Anauza bière, pombe ya chupa, kwa mulango wa pili, ni vile. Asubuhi anamuuliza mbele ya bote: "Papa, umekunywa?" Siku zingine anajibu: "Nimekunywa, mama," banamupa ufagio. Siku zingine amekauka, anapaka vernis na mukono wa kushoto. Masini hapana, hata akiomba. Hakuna anayemuchekelea. Ni ile tu nilikuwa naomba Butembo, wakati vidole vyake vilikuwa vingali vyote.

Juzi alinipigia simu. "Semeki, leo nimepaka kitanda kizima."

Nikamuuliza kama amekunywa.

"Jana," akasema.

Nikamuuliza kitanda ni ya mbao gani.